George Wilkins Kendall: Kalamu Ndani ya Jeshi

Septemba 13, 1847, askari wa Marekani walipokuwa wakikwea kilima cha Chapultepec nje kidogo ya Mexico City, miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwemo mwenye gazeti. George Wilkins Kendall, mhariri na mmoja wa waasisi wawili wa Picayune la New Orleans, alipigwa risasi gotini. Hakuwa amejibanza mbali akitazama kwa darubini. Alikuwa mpambe wa kujitolea wa Jenerali William Worth: mchana alipanda farasi na kupeleka maagizo ya jenerali vikosini, usiku akaketi kuwaandikia wasomaji wake aliyoyaona. Worth alimtaja kwa shukrani katika ripoti zake rasmi, pamoja na maofisa wengine wa makao yake.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo taaluma ya habari haijalimaliza mpaka leo. Mwandishi anayekula chakula cha jeshi, anayelala katika mahema yake, anayelindwa na bunduki zake na kupitisha barua zake katika njia ambayo jeshi hilo limeifungua, anatuletea habari za vita au habari za jeshi? Nimemchagua Kendall kwa sababu kwake faida za kuwa ndani na gharama zake vilionekana mapema, na kwa ukubwa ambao hauachi nafasi ya kubahatisha.

Vitabu vingi huanzisha historia ya waandishi wa vita kwa William Howard Russell, aliyetumwa na The Times la London kwenye vita vya Crimea mwaka 1854. Kabla yake, Charles Lewis Gruneisen alikuwa ameliandikia Morning Post kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania mwaka 1837. Kwa hiyo sitamvika Kendall taji la mtu wa kwanza, wala taji hilo halina uzito mkubwa. Alichofanya yeye ni kuijenga kazi nzima: mwandishi aliye mstari wa mbele, wenzake kwenye vikosi vingine, matarishi wa farasi, vyombo vya kuipokea habari baharini, na gazeti lenye uwezo wa kuichapa kabla serikali yenyewe haijaisikia. Russell alikuja kusifika kwa kuikosoa serikali yake. Kendall alisifika kwa kuitangulia.

Alizaliwa Agosti 22, 1809, kijijini Mount Vernon, jimbo la New Hampshire, akajifunza kazi ya chapa angali kijana. Siku hizo mpanga herufi hodari hakukosa kibarua mji wowote, na Kendall alihama mji hadi mji, akapita Washington, mpaka akatua New Orleans mwanzoni mwa miaka ya 1830. Huko, yeye na mpiga chapa mwenzake, Francis Asbury Lumsden, walianzisha gazeti lao Januari 25, 1837. Waliliita kwa jina la sarafu ndogo ya Kihispania iliyokuwa ikitumika mjini, yenye thamani ya senti 6 na robo, ambayo ndiyo iliyokuwa bei ya nakala moja. Lilikuwa gazeti dogo la kurasa nne, lenye vichekesho, visa vya mahakamani na porojo za mji, likifuata nyayo za magazeti ya bei nafuu ambayo Sun la New York liliyafungulia njia mwaka 1833. Miezi michache baadaye benki za Marekani ziliyumba na wafanyabiashara wengi wakafilisika. Picayune likapona.

New Orleans ilikuwa bandari kuu ya pamba na soko kubwa la watumwa. Kama magazeti mengine ya mji huo, Picayune lilichapa matangazo ya minada ya binadamu na ya watumwa waliotoroka, na gazeti huishi kwa matangazo. Upande wa magharibi palikuwa na Texas, ambako Wamarekani wa majimbo ya kusini walikuwa wamehamia na watumwa wao, ingawa Meksiko ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Mwaka 1836 walowezi hao walijitenga na kutangaza jamhuri yao. Mhariri wa New Orleans aliyetazama upande huo aliona ardhi, mashamba ya pamba na wateja wapya. Kendall alitaka Texas iunganishwe na Marekani na hakuficha. Hili lazima likumbukwe tunapofika kwenye vita, maana yeye hakwenda Meksiko akiwa mtu asiye na upande. Upande alikuwa nao kabla ya risasi ya kwanza, na biashara yake ilikuwa upande huohuo.

Kilichomfanya aijue Meksiko kwa macho, hata hivyo, kilikuwa kifungo. Mwaka 1841 alijiunga na msafara ambao Mirabeau Lamar, rais wa Jamhuri ya Texas, aliutuma Santa Fe, mji uliokuwa chini ya Meksiko. Ulikuwa na watu zaidi ya 300 na magari ya kukokotwa na ng'ombe yaliyosheheni bidhaa. Ulikuwa pia na vikosi vya askari na mzinga. Lamar aliitaka biashara ya Santa Fe, na kama ingewezekana aliutaka mji wenyewe. Kendall alikuwa amechukua hati ya kusafiria kutoka kwa konsuli wa Meksiko mjini New Orleans, akashikilia hadi mwisho kwamba yeye alikuwa msafiri tu na kwamba wenzake walikwenda kufanya biashara. Gavana Manuel Armijo aliona askari na mzinga vikiingia nchini mwake. Ni vigumu kumlaumu kwa alivyolitafsiri jambo hilo.

Msafara ulipotea njia katika nyanda kavu. Maji yaliadimika, chakula kikaisha, na watu waliokuwa wamenyong'onyezwa na njaa walisalimu amri bila mapigano. Wakatembezwa kwa miguu kutoka New Mexico hadi Mexico City, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Kapteni Damasio Salazar, aliyewasimamia katika sehemu ya kwanza, aliwaua walioshindwa kutembea, na kila mateka alipokufa alimkata masikio na kuyatunga kwenye ugwe wa ngozi, ili aweze kukabidhi hesabu kamili ya watu aliopewa. Kendall aliyaandika hayo yote. Lakini aliandika vilevile habari za wanawake wa vijiji vya njiani waliowatokea mateka wakiwa na mikate na nguo, na sifa alizowapa ni za mtu aliyeguswa kwelikweli. Alipofika mji mkuu alifungwa, kwa muda fulani katika hospitali ya wakoma ya San Lázaro, hadi alipoachiwa Aprili 1842.

Masimulizi yake yalitoka kwanza katika Picayune, kisha yakawa kitabu cha juzuu mbili mwaka 1844, kikauzwa kwa makumi ya maelfu ya nakala. Kapteni Frederick Marryat, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa amekwisha kunyofoa sehemu za masimulizi hayo gazetini na kuzitia katika kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1843, kabla mwenye mali hajachapa cha kwake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapomwona Kendall kwa ukamilifu kuliko mahali pengine popote. Anapomtazama mtu mmoja, awe mlinzi katili au mama anayewagawia wafungwa mkate, jicho lake ni la haki na kalamu yake haipindi. Anapotoka kwa mtu na kwenda kwa taifa, haki hiyo hupungua, na Wameksiko kwa ujumla wao wanakuwa watu wanaongoja kutawaliwa vizuri zaidi na wengine. Mateso aliyoyapata yalikuwa ya kweli, na kwa sababu yalikuwa ya kweli yakawa hoja nzito mikononi mwa waliotaka vita. Texas iliunganishwa na Marekani mwaka 1845. Aprili 25 mwaka uliofuata, askari wa pande mbili walipigana karibu na mto Rio Grande, kwenye ardhi ambayo kila nchi ilidai ni yake, na Mei 13, 1846, Bunge la Marekani likatangaza vita.

Kendall hakukawia. Alijiunga na kikosi cha Texas Rangers cha Ben McCulloch, wapanda farasi waliokuwa macho ya Jenerali Zachary Taylor upande wa kaskazini, akawepo Monterrey ilipotekwa Septemba 1846. Machi 1847 alikuwa Veracruz pamoja na jeshi la Jenerali Winfield Scott, na kuanzia hapo alifuatana nalo mpaka mwisho: Cerro Gordo, Puebla, Churubusco, Molino del Rey, Chapultepec.

Kuipata habari kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuifikisha, na hapa ndipo kipaji chake cha umiliki kilipoonekana. Vita vilipoanza, nyaya za telegrafu ziliunganisha miji michache tu ya kaskazini mashariki, na New Orleans haikuwa na waya hata mmoja. Barua kutoka Mexico City ilibidi ishuke kwanza hadi Veracruz, mwendo wa kilomita zipatazo 400 kupitia Puebla na Jalapa, katika barabara iliyojaa wapiganaji wa kuvizia. Kendall aliajiri matarishi wake mwenyewe wa farasi. Baadhi yao walikamatwa na baadhi waliuawa. Kutoka Veracruz barua zilipanda meli ya mvuke kuvuka Ghuba. Picayune, kwa kuogopa kwamba wapinzani wangeipata habari bandarini saa ileile, lilituma chombo chenye kasi kuilaki meli baharini, ndani yake wakiwemo wapanga herufi na vifaa vyao. Walipokea barua, wakaanza kupanga herufi chombo kikiwa njiani kurudi, na walipotia nanga kurasa zilikuwa tayari kuingizwa mtamboni.

Kutoka New Orleans kwenda kaskazini palikuwa na mpango wa pili. Sun la Baltimore, likishirikiana na Picayune, liliweka farasi wapatao 60 kwa zamu ili kubeba habari hadi mahali telegrafu ilipoanzia, wakaitangulia posta ya serikali. Aprili 1847, Rais James Polk alipata habari ya kuanguka kwa Veracruz kwa telegramu kutoka kwa gazeti hilo la Baltimore, kabla wizara yake ya vita haijapata ripoti ya majenerali wake. Halafu kulikuwa na desturi ya wahariri kutumiana magazeti yao kwa posta bila malipo na kunakiliana. Barua moja ya Kendall iliyochapwa New Orleans ilichapwa tena Baltimore, New York, Boston, na katika vijiji ambavyo havijawahi kumwona askari wa Meksiko. Hakukuwa na shirika la habari lenye nguvu ya kushindana na hilo. Kwa miezi mingi, mamilioni ya Wamarekani waliviona vita kupitia kundi dogo la watu, wengi wao wakiandikia magazeti ya New Orleans, na Kendall akiwa mbele yao.

Sasa, alipata nini kwa kuwa mpambe? Alipata mengi. Alijua mahali pa kusimama kabla mapigano hayajaanza. Aliona ramani, alisikia amri zikitolewa, aliwafahamu maofisa kwa majina na kwa tabia. Barua zake zina mpangilio ambao msimuliaji wa mbali hawezi kuubuni: kikosi gani kilitangulia, shamba gani la mahindi kilipitia, ukuta gani ulikizuia na kwa muda gani. Picayune lilichapa orodha za waliouawa na kujeruhiwa, na kwa mama aliyekuwa Tennessee au Louisiana orodha hiyo ilikuwa na thamani kuliko maelezo yote ya ushujaa. Wanahistoria wa vita hivi hawawezi kumkwepa. Barua zake zilikusanywa na kuchapwa upya mwaka 1999, zaidi ya karne moja na nusu baada ya kuandikwa.

Alitoa nini? Kwanza, alijikuta ndani ya ugomvi wa majenerali. Majenerali wa Marekani waliitazama Ikulu ya Washington kwa jicho moja na adui kwa jicho la pili. Taylor aliingia Ikulu mwaka 1849 kwa nguvu ya umaarufu ambao magazeti yalimjengea. Scott naye aligombea mwaka 1852, akashindwa. Septemba 1847 barua yenye saini ya bandia, Leonidas, ilichapwa New Orleans, kwanza katika gazeti la Delta kisha katika Picayune, ikimpamba Jenerali Gideon Pillow kana kwamba ushindi katika mapigano ya Contreras na Churubusco ulikuwa wake peke yake na Scott alikuwa mtazamaji. Scott alipandwa na hasira. Katika vurugu zilizofuata aliwatia nguvuni Pillow na hata Worth, jenerali ambaye Kendall alimtumikia, na baraza la uchunguzi likaundwa. Scott mwenyewe aliondolewa kwenye uongozi wa jeshi mwanzoni mwa mwaka 1848. Haya yote yalitokana na kurasa za magazeti. Mwandishi ambaye ni mpambe wa mmoja wa wagombanao anaweza kusema kweli tupu juu ya kila risasi iliyopigwa, na bado msomaji akabaki na haki ya kuuliza sifa zimegawanywaje.

James Freaner wa Delta, mpinzani mkubwa wa Kendall, alikwenda mbali zaidi. Nicholas Trist, mjumbe wa Marekani aliyetumwa kufanya mazungumzo ya amani, aliitwa nyumbani na Rais Polk kabla hajamaliza. Desemba 1847 alizungumza na Freaner, na Freaner akamhimiza abaki akamilishe mkataba hata kama ni kinyume cha amri. Trist alibaki. Mkataba ulitiwa saini Guadalupe Hidalgo Februari 2, 1848, na aliyeupeleka Washington alikuwa Freaner huyohuyo. Meksiko ilipoteza takriban nusu ya ardhi yake, ukihesabu na Texas, na kulipwa dola milioni 15. Wengine humsifu Freaner kwa kusaidia kukomesha umwagaji damu, na sina ugomvi na sifa hiyo. Lakini mwandishi aliyeshauri mkataba na kuubeba mkononi hawezi tena kuwa mtu wa kuutathmini.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Jane McManus Storm, aliyekuwa akiandikia Sun la New York kwa jina la Montgomery, alikuwa Mexico City wakati jiji hilo likiwa bado mikononi mwa Wameksiko, katika safari ya siri ya kutafuta amani pamoja na mwenye gazeti lake, Moses Beach. Kutoka huko alishuka hadi Veracruz. Naye hakuwa huru: mwenye gazeti alikuwa na ujumbe wa Rais mfukoni. Hata hivyo aliitazama nchi hiyo kabla ya jeshi kuifikia, na akaandika kutoka upande ambao Kendall aliujua kama mfungwa tu. Jenerali Scott alimdharau kwa kuwa ni mwanamke.

Gharama kubwa zaidi imo katika yale ambayo mtu aliye ndani ya jeshi hayaoni, au anayaona lakini hayampi uzito. Veracruz ilipigwa mizinga kuanzia Machi 22 hadi 26, 1847. Makonsuli wa mataifa ya Ulaya waliokuwa mjini waliomba wanawake na watoto waruhusiwe kutoka. Scott alikataa, akisema walipewa nafasi kabla. Wakazi wengi walikufa ndani ya nyumba zao. Kwa mwandishi aliyesimama nyuma ya mizinga, siku hizo zilikuwa hesabu ya makombora na ubora wa wapigaji. Huko kaskazini, Taylor mwenyewe alilalamika Washington juu ya unyama wa askari wa kujitolea kutoka Texas dhidi ya raia. Hao ndio ndugu wa wapanda farasi ambao Kendall aliongozana nao, aliowapenda na kuwatukuza.

Siku ile Kendall alipojeruhiwa, kijijini Mixcoac, mahali ambapo Chapultepec inaonekana, watu 30 walisimamishwa juu ya magari wakiwa na vitanzi shingoni. Walikuwa wa kikosi cha San Patricio, wengi wao wahamiaji wa Kiayalandi, waliotoroka jeshi la Marekani na kupigana upande wa Meksiko. Kanali William Harney aliamuru wangoje hivyohivyo, wakitazama mapigano kilimani, mpaka bendera ya Marekani ipandishwe juu ya ngome. Ilipopanda, magari yaliondolewa. Jumla ya waliouawa kwa hukumu hiyo, pamoja na walionyongwa siku zilizotangulia, ilikuwa 50. Magazeti ya Marekani yaliwaita wasaliti, na kwa sheria za kijeshi neno hilo lilikuwa na msingi. Lakini kwa nini Mkatoliki maskini wa Ireland, aliyedharauliwa na maofisa wake kwa dini na kabila lake, aone ndugu zake wako upande wa pili wa uwanja, ni swali ambalo makao ya jenerali si mahali pazuri pa kuliulizia.

Waswahili husema msema pweke hashindwi. Vita hivi havikukosa wapinzani nchini Marekani: Henry David Thoreau alilala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kukataa kodi, na Abraham Lincoln, mbunge mpya, alimtaka Rais aonyeshe mahali hasa damu ya kwanza ilipomwagika. Katika upande wa magazeti, sauti ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Frederick Douglass. Desemba 3, 1847, miezi isiyozidi mitatu baada ya Chapultepec, mtu huyu aliyetoroka utumwa alitoa toleo la kwanza la The North Star mjini Rochester, na Januari iliyofuata akaandika kuvilaani vita vya Meksiko. Hakuwa na tarishi barabarani wala chombo baharini. Hakuona Churubusco. Lakini alijua jambo moja ambalo barua bora za Kendall hazikuligusa, kwamba ardhi iliyokuwa ikitekwa ilinyemelewa na wenye watumwa. Kendall alijua kila ukuta wa Chapultepec, Douglass alijua ni nani aliyekuwa akingojea ardhi, na msomaji wa mwaka 1848 aliyetaka kuvielewa vita hivyo alihitaji wote wawili. Aliyempata kwa wingi ni Kendall.

Kwetu Afrika Mashariki namna hii ya uandishi ilitufikia kwa mtu tunayemjua sana. Henry Morton Stanley, kijana wa Wales aliyepata jina lake jipya New Orleans, alikuwa mwandishi wa New York Herald aliyefuatana na jeshi la Waingereza hadi Magdala, Ethiopia, mwaka 1868. Alimhonga ofisa wa telegrafu pale Suez ili habari yake ipelekwe mbele ya wengine, na waya wa baharini ukakatika baada ya hapo. Mbio ni zilezile za Picayune. Alipotua Unguja Januari 1871 na kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, tayari alikuwa na msafara wake mwenyewe, bunduki zake na viboko vyake. Hakuhitaji tena jeshi la kujiunga nalo. Masimulizi yake yalienea duniani kwa njia alizofungua Kendall na wenzake. Bahati yetu ni kwamba Tippu Tip, aliyesafiri naye mwaka 1876, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na humo analalamika kwamba Stanley hakumlipa alichomwahidi. Wapagazi wengi waliobeba mizigo ya Stanley hawakupata wa kuwaandikia.

Baada ya vita Kendall alikwenda Ulaya, akashuhudia mapinduzi ya Paris ya mwaka 1848, akaoa huko mwaka 1849. Uandishi wa kila siku ulikuwa unamtoka. Katika miaka ya 1850 alihamia Texas kufuga kondoo, akapata hasara za maradhi, baridi na moto wa nyika, akavumilia, hadi akawa mfugaji wa kutolewa mfano karibu na mji wa Boerne. Wilaya yake ilipewa jina lake mwaka 1862. Lumsden, mwenzake wa siku zote, alizama na meli ya Lady Elgin katika Ziwa Michigan mwaka 1860. Kendall alifariki kwenye shamba lake Oktoba 21, 1867.

Kazi yake ya mwisho kubwa juu ya Meksiko ilikuwa kitabu cha picha cha mwaka 1851, kilichoandaliwa pamoja na mchoraji Mjerumani Carl Nebel: michoro 12 ya rangi, kila mmoja ukionyesha pigano au tukio moja la vita, na maelezo ya Kendall kando yake. Ni kitabu kizuri kwelikweli, na macho ya Wamarekani wengi kuhusu vita hivyo yameumbwa nacho. Katika michoro hiyo askari husonga mbele kwa safu nadhifu chini ya mbingu kubwa. Wamarekani wapatao 13,000 walikufa katika vita hivyo, na waliouawa na adui hawafiki 2,000. Waliobaki waliondolewa na kuhara, homa ya manjano na maradhi mengine ya kambini. Hakuna mchoro wa hospitali.

Na upande wa pili ulikuwa umekwisha kusema. Mwaka 1848 waandishi 15 wa Meksiko, miongoni mwao Guillermo Prieto na Manuel Payno, walichapa kwa pamoja historia yao ya vita. Waliilaumu tamaa ya jirani yao, lakini hawakuwaacha viongozi wao wenyewe. Jenerali Santa Anna, aliyeongoza jeshi lao, na vyama vilivyogombana wakati adui yuko mlangoni wamo humo bila kufunikwa. Kanali Albert Ramsey, ofisa wa Marekani aliyekuwa amepigana katika vita hivyohivyo, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, na kikatoka New York mwaka 1850, mwaka mmoja kabla ya kile cha Kendall na Nebel.